Miguu ya Cherehani: Miaka Kumi na Sita Ulingoni

Baada ya miaka kumi na sita, mapambano thelathini na moja na jozi za viatu ambazo mtunza stoo aliacha kuzihesabu zamani, bondia wetu wa uzito wa kati anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Ana umri wa miaka thelathini na tatu. Katika kazi nyingine, huo ndio umri ambao mtu anaanza kukabidhiwa ufunguo wa ofisi.

Katibu wa klabu ameniomba niandike ukurasa huu kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga bandeji za mikono tangu siku ya kwanza. Amesisitiza niandike kwa uchangamfu. Nimejitahidi pale nilipoweza.

Alikuja akiwa na miaka kumi na saba, akitokea kiwanda cha mikate alikokuwa akipakia magunia ya unga. Alikuwa mwembamba, na ngumi zake za siku ile zisingemwamsha mtu aliyesinzia. Lakini kocha hakutazama mikono. Alitazama miguu kwa raundi nzima, kisha akaninong'oneza, “Huyu anashona.” Jina la Cherehani likaanzia hapo, na hata mama yake mzazi akaishia kulitumia.

Hatujapata miguu kama ile. Aliingia, akapiga, akatoka, na mpinzani akabaki anapigana na hewa. Watu hudhani ngumi hutoka begani. Hutoka kisiginoni, ikapanda gotini, ikazunguka kiunoni, na mkono ukamalizia tu kazi. Cherehani alilijua hilo kuliko wote. Hata nyumbani aliruka kamba chumbani, ghorofa ya pili, mpaka mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akiishi chini yake akapanda ngazi na rundo la madaftari mkononi kuja kumgombeza. Wiki hiyo alipanda mara tatu. Mara ya nne hakuja kugombana, na mwaka uliofuata tulikuwa sote kwenye harusi yao.

Katika mapambano ishirini na mawili ya kwanza alishinda ishirini na moja. La ishirini na tatu ndilo lingempa nafasi ya kugombea ubingwa.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mazoezini, mwenzake alimkanyaga mguu wa kushoto wakati yeye anageuka. Mwili uligeuka, goti likabaki. Daktari wa mifupa alimwambia gegedu la ndani ya goti limechanika: upasuaji, halafu miezi tisa bila ulingo. Cherehani alitoka kwa daktari akaja moja kwa moja kwenye chumba changu, akafunga mlango.

“Mzee, nifunge hili goti. Na jambo hili libaki kati yetu wawili.”

“Na kocha je?”

“Kocha akijua, hakuna pambano. Nafasi hii hairudi, Mzee. Wewe mwenyewe unajua.”

Nilijua. Nikalifunga. Nililifunga kila siku kwa wiki tatu, chini ya suruali ndefu ya mazoezi, na kocha alipouliza mbona kijana anaburuta mguu, nilisema ni uchovu wa mbio za asubuhi. Ukurasa kama huu hutaja mafanikio tu, lakini siwezi kusimama kwenye hafla ya kumuaga Jumamosi mbele ya familia yake nikiwa nimelificha jambo hili kwa mara ya pili.

Siku ya pambano niliiondoa ile bandeji, maana kaptula isingeificha. Aliongoza kwa raundi sita. Katika ya saba alizunguka kushoto kama alivyozunguka maisha yake yote, na goti likakataa. Akaanguka bila kuguswa. Ukumbi mzima ulicheka, watu wakidhani ameteleza. Mwamuzi alipohesabu hadi nane, Cherehani akainuka, akasimama palepale kama nguzo, na ngumi zote alizokuwa akizikwepa zikamkuta hapo hapo. Kocha akarusha taulo kusimamisha pambano. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo aliliona lile goti lilivyovimba, akanitazama mimi. Hatukusemeshana kwa miezi miwili.

Kikafuata chumba cha upasuaji, magongo, na mwaka mzima wa kujifunza upya kupiga hatua. Mwaka huo mguu wa kulia ulibeba kazi ya miguu yote miwili. Siku aliyorudi kuruka kamba tulisimama kumtazama, na hata kocha alitabasamu. Alipokaribia kumaliza dakika ya pili tukasikia mlio kama wa fimbo kavu inayovunjika. Cherehani akageuka nyuma kwa hasira.

“Nani kanipiga teke?”

Nyuma yake hapakuwa na mtu, ni ukuta tu. Kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imekatika. Nadhani alielewa alipouona ule ukuta. Alikaa sakafuni polepole, akaanza kulegeza kamba za kiatu.

Mapambano manane yaliyofuata sitayaeleza kwa kirefu. Alishinda mawili. Watu waliokuwa wakilipa kiingilio kuiona miguu yake walianza kumzomea: “Cheza, Cherehani! Cheza!” Hakuwa na cha kuchezea. Akawa bondia wa kusimama na kupokea, uso ukabadilika, na mkewe akaacha kuja ukumbini.

Mwezi wa pili mwaka huu alikwenda kukaguliwa afya ili apewe leseni upya. Tulimsindikiza mimi na mkewe. Daktari alimwomba kitu kimoja tu: asimame kwa mguu wa kushoto kwa sekunde kumi. Mara ya kwanza alifika nne. Mara ya pili alifika tatu. Mara ya tatu alishika ukingo wa meza.

“Inatosha, baba watoto,” mkewe akamwambia.

“Ngoja, mama. Mara moja tu.”

Daktari alikuwa ameshafunika kalamu yake. Cherehani akainua mguu hata hivyo, mbele ya watu watatu ambao hakuna aliyekuwa akihesabu.

Klabu ilimpa kazi ya kuwafundisha wanaoanza. Alidumu siku tisa. Miguu haifundishwi kwa mdomo. Alianza kuonyesha hatua, akaishia katikati, akabaki ameduwaa huku wanafunzi wakiangalia chini kwa adabu. Siku ya kumi aliirudisha filimbi mezani kwa kocha. Kuanzia mwezi ujao ataandika magari yanayoingia na kutoka kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Ni kazi ya kukaa.

Wiki iliyopita alikuja kuondoa vitu vyake kabatini. Alipanda ngazi zetu kumi na mbili akiwa ameshika ukuta. Nilipojitolea kumteremshia vitu alikataa, akaketi kwenye benchi langu, akaninyooshea mikono kama kawaida. Nikamfunga: kiganja, kifundo, katikati ya vidole. Alikunja ngumi, akazigeuza huku na huku, akazitazama kwa muda mrefu.

“Mizima kabisa,” akasema. “Miaka kumi na sita sijavunja hata kidole. Sasa niipeleke wapi hii mikono, Mzee?”

Alilia bila sauti, na hakuweza kujifuta kwa sababu ya bandeji, nikamfuta mimi.

Hafla ya kumuaga ni Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbini. Ndugu yetu Cherehani, kwa kila jioni uliyotuinua kwenye viti, klabu nzima inakushukuru. Kwa goti lile, mimi binafsi nakuomba radhi mbele ya mkeo na wanao. Tunakuombea asubuhi zisizo na maumivu, nyumba yenye utulivu, na maisha marefu kuliko ulingo ulivyokuruhusu.