Mama Pindo na Mlango wa Ukutani

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliojaa hapa uani mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo, familia imenituma mimi, mpwa wa marehemu, nisome maisha yake, kwa sababu watoto wake watatu wamejaribu kwa zamu tangu jana na kila mmoja amekwama kwenye mstari wa kwanza, basi tuvumiliane, nami nitasoma taratibu, maana yeye hakupenda mtu anayekimbiza maneno.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa fundi wa mataruma na mkewe, muuza mkaa. Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akienda na kurudi kwa miguu, na dada yake mkubwa anakumbuka kwamba garimoshi lilipokaribia ni marehemu aliyewazuia wenzake wote, likishapita akawavusha, halafu akawagombeza mmoja mmoja, hata wale wasiokuwa wa kwao. Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, akasomea ushonaji kwa miaka miwili katika chuo cha ufundi, na Januari 1969 akaajiriwa na kiwanda cha nguo kushona sare za shule.

Ni huko kiwandani alikopata jina lake, kwa kuwa kila sketi na kila suruali iliyopita mikononi mwake aliiachia pindo refu kuliko maelekezo, msimamizi akamwandikia onyo la kupoteza kitambaa, naye akamjibu kwamba mtoto anarefuka, kitambaa hakirefuki, sasa amwambie ni nani ameze hasara hiyo. Onyo lilibaki kwenye faili, pindo likabaki kwenye sare, na kiwanda kilipofungwa mwaka 1991 alikuja na cherehani yake nyumbani, akaendelea kushona barazani mpaka mikono ilipokataa.

Kuhusu ndoa, mwaka 1974 marehemu alijiandikisha katika shule ya udereva, akapangiwa mwalimu kijana aliyeitwa Klachi kwa sababu ya neno alilokuwa akilipigia kelele kutwa nzima. Alifeli mtihani mara mbili, wala si kwa kutolijua gari, bali kwa sababu kila alipomwona mtu ukingoni mwa barabara alisimama ampishe, na huyo akishavuka akamsubiri na yule wa mbali ambaye hata hakuwa ameamua kama anavuka, magari nyuma yakapiga honi mpaka basi, na mara ya pili mtahini akafungua mlango, akashuka, akarudi ofisini kwa miguu. Mwalimu wake alimwambia leseni asahau, ila kama anataka mume, yupo, wakafunga ndoa tarehe 12 Aprili 1975. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni muuguzi, wa kiume ambaye ni dereva wa lori la mafuta, na kitinda mimba ambaye ni fundi umeme, na wajukuu saba, ambao wote wamevaa sare zenye pindo la kutosha.

Mwaka 1993 walihamia katika nyumba hii, kwenye kiwanja ambacho Mzee Klachi alirithi kwa baba yake, na ukuta wake wa nyuma, kama mnavyouona, umepakana na shule ya msingi. Hapa lazima nieleze kidogo kwa ajili ya wageni. Kutoka mtaa huu kwenda shule hiyo kwa gari unatoka hadi barabara kuu, unazunguka mizunguko miwili, unapita darajani pamoja na mji mzima unaowahi kazini, kisha unarudi upande wa pili, kwa hiyo marehemu, akiwa barazani na cherehani yake, alisikia kengele ya shule ikilia nyuma ya mgongo wake, akawasikia watoto wakiimba mstarini, huku mbele yake, pale kona, akiliona gari la jirani yetu mhasibu limesimama palepale na mtoto wake yumo ndani, amelala na begi mapajani. Mtoto huyo alichapwa kwa kuchelewa shule ambayo angeweza kuirushia jiwe. Marehemu alisema jambo hilo lilimuuma kuliko sindano, na sindano zilimchoma nyingi.

Mwaka 2006 alimwendea mwalimu mkuu, kisha ofisi za manispaa, akapewa ruhusa ya kutoboa mlango katika ukuta huu, watoto wa mtaa wapite uani kwake asubuhi na mchana. Kilichobaki kilikuwa ridhaa ya mwenye kiwanja. Mzee Klachi, ambaye amekubali hili lisomwe, alimuuliza, "Mimi nawatia watu barabarani, wewe unawatoa, sasa tutakula nini?" Walinuniana mwezi mzima, na mwishowe mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba mlango huo ni wa mkewe, si wa nyumba, na siku mkewe atakapoacha kuusimamia, yeye atauziba. Hakuwa anatania, kwani kila tofali lililotolewa ukutani alilikwangua chokaa, akayapanga yote kando ya jiko, akayafunika kwa turubai. Marehemu alipomwomba walau ngazi mbili, kwa sababu upande wa shule uko chini na watoto walilazimika kuruka, alijibiwa kwamba hakuna mtu mwenye akili anayejenga ngazi ya mlango utakaozibwa, na jibu hilo alilipata kila mwaka.

Mlango ulifunguliwa, na wiki ya kwanza ikawa balaa, kwa maana wazazi, badala ya kutembea, waliwaleta watoto kwa magari mpaka mbele ya nyumba hii, foleni ya barabara kuu ikahamia mtaani, lori la maji likakosa pa kupita, na Mzee Klachi akasimama barazani amekunja mikono akiitazama foleni, jambo lililomuudhi mkewe kuliko maneno. Ndipo marehemu alipoanza kukagua viatu. Mwenye vumbi alipita, mwenye viatu vinavyong'aa alirudishwa kwao akaanze upya kwa miguu, na kuna waliojipaka vumbi hapo getini, hao aliwacheka akawaachia, akisema angalau wameinama. Mhasibu alikuja juu, akasema hajanunua gari alitazame, lakini baada ya kurudishwa mara tatu alimleta mtoto kwa miguu, akapanda basi kwenda ofisini, na kwa kuwa hakuzunguka tena darajani alifika kabla ya bosi wake, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea.

Kisha marehemu alishona mkanda mrefu kwa vipande vya sare vilivyobaki, wenye vitanzi kila upande, kila mtoto kitanzi chake, na mzazi mmoja kwa zamu akawa anawakusanya watoto nyumba kwa nyumba na kuwaleta wote pamoja, hivyo asubuhi moja ya mkanda iliyaacha majumbani magari ya familia nyingi. Mhandisi wa manispaa alikuja kutazama, akachora kivuko cha watembea kwa miguu pale kona, na baadaye mitaa mingine miwili ikatoboa kuta zake. Familia haidai kwamba foleni imekwisha mjini, kwani waliokuja leo kutoka mbali wameiona kwa macho yao, lakini kona yetu inapitika, mabasi yanapita, na hilo ni lake.

Novemba 2021 marehemu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakamtoka kwa shida. Asubuhi iliyofuata watoto waligonga geti, na Mzee Klachi akafungua mlango, akisema ni kwa sababu ya makelele. Akafungua na kesho yake, na ikawa ndiyo kazi yake, ila turubai halikuondoka kando ya jiko. Marehemu, akiwa kwenye kiti chake hapa uani, aliyaonyesha matofali kwa mkono wa kushoto karibu kila siku, akamtazama mumewe, naye mumewe akatazama pembeni. Hali ilibadilika mwanzoni mwa Juni mwaka huu, akalazwa, na Jumanne tarehe 11 Juni 2024 alituacha, na kuondoka kwake kumetuuma sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, mtaalamu wa mazoezi aliyekuja nyumbani bila kuchoka, majirani waliopika na kulala nasi, washonaji wenzake wa kiwandani, walimu na wazazi wa shule, na madereva wote waliowahi kufundishwa na mumewe, ambao leo wameombwa waache magari nyumbani na wametii.

Tangazo la mwisho ni kuhusu safari yetu. Makaburi yako ng'ambo ya kiwanja cha shule, hivyo hakutakuwa na msafara wa magari, jeneza litabebwa kwa mikono na kupita katika mlango huu, na wabebaji wasiwe na wasiwasi na kule chini. Juzi Mzee Klachi aliondoa turubai, akachanganya saruji mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na matofali yale yote sasa ni ngazi mbili upande wa shule. Siku nzima alisimama pale kuzilinda zikauke, watoto akawapitisha pembeni juu ya ubao, na kila aliyepita alimkagua viatu.

Pumzika, Mama Pindo, Jumatatu asubuhi mlango utafunguliwa.