Picha Iliyozidi Mlango kwa Inchi Tano

Marehemu, ambaye wenzake kazini walimwita Rula, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkulima wa bustani. Alisoma shule ya msingi hatua chache kutoka nyumbani, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1970 akiwa wa kwanza katika hesabu na uchoraji.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ardhi. Kwa miaka thelathini na miwili alikaa meza ileile, dirisha likiwa nyuma yake, akichora mipaka ya viwanja vya watu. Hakuna mstari wake uliowahi kurudishwa.

Tarehe 2 Desemba 1978 alifunga ndoa na mwalimu, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu mkuu. Walijaliwa watoto watatu.

Alipostaafu mwaka 2004 alijifungia katika chumba cha nyuma kwa miezi saba na rangi za mafuta. Alichokichora, kwenye mbao alizozigundisha pamoja humohumo chumbani, ni mwanamke aliyeketi, uso wa kijani, mikono mikubwa kuliko kichwa, kuta nyekundu zimemwinamia, mdomo wazi kama wa mtu anayeita asisikike. Uso ulikuwa wa mkewe.

"Ndivyo unavyoniona?" mkewe aliuliza.

"Huyo ni mimi, miaka yote ile ya ofisini. Nimeazima uso wako tu, mama watoto."

"Ungeazima wa dada yako."

Jumba la maonyesho liliiomba picha hiyo. Hapo ndipo mtu aliyepima viwanja vya mji mzima alipogundua kwamba hakupima mlango wake: picha ilizidi kwa inchi tano. Fundi mwashi alishauri ikatwe katikati.

"Basi nikate na mimi," marehemu alimjibu.

Kubomoa ukuta ilikuwa kazi ya nusu siku. Mkewe hakukubali. Majirani waliouona uso ule walikwisha kunong'ona kwamba mwalimu mkuu anateswa, naye hakutaka jina la familia likatundikwe mbele za watu. Ifahamike leo: marehemu hakuwahi kumwinulia mkewe mkono wala sauti.

Tarehe 20 Agosti 2021 alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya kauli na upande wa kulia. Alilazwa chumba hichohicho, akitazamana na picha, wote wawili wasiweze kutoka. Mwezi uliopita mkewe alimwuliza, "Nimwite fundi?" Akamfinya kidole kwa mkono wa kushoto, na kwao hiyo ilikuwa ndiyo. Mkewe akasema wangoje mvua zipite kwanza.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi. Mvua zilikuwa bado hazijapita.

Jana fundi alibomoa ukuta. Picha ndiyo hiyo kando ya jeneza. Kwa wanaoulizana yule ni nani, ni marehemu mwenyewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Ukuta hautazibwa. Apumzike kwa amani, na kwa nafasi ya kutosha.