Mzee Wavu na Samaki Waliozidi wa Bwawa la Tatu

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Fundi wa Mabwawa wa kituo chetu cha mafunzo ya mazingira atakabidhi funguo sita na wavu mmoja, na hapo atakuwa amehitimisha miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Idadi hiyo nimeihakiki mwenyewe. Jalada lake lilisema miezi mitano. Mwezi mmoja ulihesabiwa mara mbili, na bado sijaridhika kwamba lilikuwa kosa la bahati mbaya.

Mhariri wa jarida hili alinipa kazi ya kuandika wasifu huu akidai kwamba mstaafu mwenyewe ndiye aliyenichagua. Nilimuuliza mara tatu kama ana uhakika. Mimi ni mhakiki wa takwimu. Nakaa ghorofa ya kwanza, dirisha la pili kutoka kushoto, na kazi yangu ni kutoamini karatasi yoyote inayoletwa mezani hadi ithibitike. Wenzangu husema tabia hiyo nimeibeba hadi nyumbani, kwamba hata mke wangu akiniambia mvua inanyesha huwa natoka nje kutazama. Ni kweli, lakini nimefanya hivyo mara mbili tu.

Mstaafu wetu aliingia kituoni akiwa kibarua wa kuchimba. Mabwawa yote sita, kila moja ukubwa wa chumba cha darasa, yana jasho lake. Kazi ya kuchimba ilipokwisha, vibarua wenzake walichukua koleo zao wakaondoka. Yeye alibaki akichungulia maji, akaulizwa anangoja nini, akasema anangoja kuona nani atahamia. Alipewa kazi siku ileile. Mimi ningemtaka kwanza alete barua ya utambulisho.

Jina la Mzee Wavu alilipata kwa wavu wake wa kwanza. Kituo hakikuwa na wavu wenye matundu madogo ya kunasa viroboto wa maji, vile vijidudu vidogo kama chembe za chumvi vinavyokula mwani. Akaenda nyumbani, akamweleza mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Mama yule alifungua sanduku, akatoa shela yake ya harusi, akaikata akaishona kwenye duara la waya. Mzee Wavu husema ndoa yao ina miaka thelathini na minne, na kwamba shela hiyo ilifanya kazi siku moja kanisani na miaka tisa bwawani.

Wanafunzi waliopita hapa hawatasahau somo lake la ndoo. Aliwapanga wanne. Wa kwanza, ambaye ni mwani, alipewa ndoo ya maji lita kumi, maana mwani ndio unaopika chakula kwa nguvu ya jua. Huyo alimpimia kiroboto wa maji lita moja tu, kiasi cha jagi. Kiroboto naye akampa samaki mdogo kikombe kidogo, na samaki mdogo akampa kambare kijiko kimoja. Maji mengine yote yalimwagwa chini, kwa kuwa kila kiumbe hutumia sehemu kubwa ya alichokula kwa kupumua, kukimbia na kuhangaika, na anayemla hupata takriban sehemu moja ya kumi. Siku moja alikuja mkubwa kutoka makao makuu, amevaa suti, akapangwa kuwa kambare. Alipokabidhiwa kijiko chake akalalamika kwamba ni kidogo mno. Mzee Wavu akamjibu kwa adabu zote, "Ndiyo sababu, mheshimiwa, wakubwa hawatakiwi kuwa wengi." Tulivunjika mbavu. Mkubwa naye alicheka, ingawa mimi nilimwona akiandika kitu kwenye kijitabu chake.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, kwa sababu nusu ya watakaokaa ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga wanalijua kwa kunong'onezana, na ninashuku wanalijua vibaya.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilihamishiwa dirisha la pili. Mwaka wangu wa pili pale nikagundua kwamba Bwawa la Tatu halieleweki. Kila Desemba mabwawa huvuliwa yote, samaki hupimwa na kurudishwa. Matano yalikuwa sawasawa: ukijua mwani ni kiasi gani, unaweza kukisia samaki watakuwa kiasi gani. La Tatu lilizidi. Lilikuwa na kilo mbili na ushei za samaki ambao, kwa hesabu, hawakuwa na cha kula. Mwani haukutosha, wadudu hawakutosha, na bado kambare walikuwa wamenona kama mabwana harusi. Samaki hawanenepi kwa upepo. Ama takwimu zilipikwa, ama kuna mtu alikuwa anawalisha kwa siri.

Na anayeshika ufunguo ni mmoja. Nikaanza kumwinda. Kutoka dirishani sioni maji, naona matete tu, marefu na mazito hadi ukutani mwa jengo letu. Lakini kila siku ya kazi, saa nne na robo, niliona kofia ya Mzee Wavu na mpini wa wavu wake vikitembea juu ya matete hayo, vikisimama karibu na ukuta, vikikaa kidogo, kisha vikiondoka. Kila siku, saa ileile. Mtu mwenye kazi halali hana haja ya kujificha kwenye matete. Tena kila asubuhi tulipokutana ngazini alinisalimia, "Habari za dirishani?" Si habari za kazi, si habari za nyumbani. Za dirishani. Nilikuwa nikikohoa tu, nampita, huku najiuliza amejua vipi kwamba namtazama.

Mwaka wa tatu niliandika barua kwa Mkurugenzi. Barua ya kumpandisha Mzee Wavu kuwa Fundi Mwandamizi ilikuwa tayari imechapwa, ikisubiri saini. Baada ya barua yangu haikusainiwa. Aliitwa, akaulizwa kama anawalisha samaki wa Bwawa la Tatu. Akajibu, "Mimi siwalishi." Hakuulizwa kingine, naye hakuongeza. Mstari kwa mstari nikatia penseli nyekundu kwenye takwimu zake za bwawa hilo, na pembeni nikaandika "Shaka". Nimeandika neno hilo kwa miaka minane. Mwaka huu kituo kinatoa kumbukumbu ya miaka thelathini ya mabwawa yote, na Bwawa la Tatu liliachwa nje kwa sababu ya penseli yangu. Mzee angestaafu na cheo alichokuwa nacho akiwa kijana, na miaka thelathini ya vipimo vyake ingebaki na doa.

Wiki mbili zilizopita alianza kukabidhi ofisi. Kanuni inataka madaftari meusi ya kituo yapite kwangu. Aliyaleta yote, na juu yake akaweka madaftari mengine ya kijani, ya shule, ishirini na mawili, yamefungwa kwa utepe wa cherehani. Akasema kanuni inataka akabidhi kila alichoandika akiwa kazini. Akaenda zake. Nakiri kwamba nilifunga mlango kwa ufunguo, nikachonga upya penseli nyekundu. Nilijua nimemkamata.

Ukurasa wa kwanza ulisema: "Saa 4:15. Mkate, gramu 95. Dirisha la pili. Umeliwa wote." Wa siku iliyofuata: "Mkate, gramu 110, una siagi. Dirisha la pili."

Hapa inabidi nieleze habari ya mkate. Saa nne kila siku, Mama Chai wa kantini hutupandishia chai na vipande viwili vinene vya mkate. Mimi sili chakula ambacho sikukiona kikiandaliwa. Nakuja na changu kutoka nyumbani, kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Lakini Mama Chai hukagua sahani, na sahani ikirudi na mkate hununa wiki nzima. Kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja nimekunywa chai, kwa sababu maji yakichemka unayaona, na mkate nimeurusha kwenye matete chini ya dirisha. Sikujua kwamba maji ya Bwawa la Tatu yanafika hadi ukutani. Mhakiki wa takwimu za mabwawa, miaka kumi na mmoja, sikuwahi hata siku moja kuteremka kulizunguka bwawa lenyewe. Karatasi zilikuwa zinakuja.

Nikachukua kalamu. Gramu mia moja kwa siku, siku mia mbili na arobaini za kazi, ni kilo ishirini na nne za mkate kwa mwaka. Sehemu moja ya kumi ni kilo mbili na ushei za samaki. Nilihesabu mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa mimi.

Niliendelea kusoma, ingawa sikuwa na sababu ya kikazi. "Hakuna mkate. Mhakiki yuko likizo." "Leo vipande vitatu. Wageni ofisini kwake, nadhani nao hawali." Halafu, mwezi wa Machi wa mwaka wa sita: "Hakuna mkate wiki mbili. Mhakiki amefiwa na mama yake. Nimekwenda kumpa pole." Nakumbuka alikuja. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wajomba zangu tangu asubuhi hadi saa kumi. Na mimi, siku ya msiba wa mama yangu, nilikuwa namtazama kwa kijicho pembe nikijiambia amekuja kunilainisha nifute barua. Naona aibu, na naiandika hapa ili isomwe.

Niliteremka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama kwenye ukingo ule. Nilimkuta ameshika wavu, na ndipo nilipoelewa kofia ile ya saa nne na robo: alikuwa anauopoa mkate, anaupima kwenye mizani ndogo, kisha anaurudisha pale pale ulipoangukia, jinsi anavyopima samaki na kumrudisha. Kipimo, kwa maoni yake, hakipaswi kubadili kinachopimwa. Nilimuuliza kwa nini hakuandika kwenye fomu. Akasema fomu haina nafasi. Hiyo fomu niliichora mimi, na safu ya "Mengineyo" niliifuta mimi, ili watu wasiniandikie hadithi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kwamba miaka miwili ya mwanzo alidhani ni mtihani, kwamba namrushia mkate ili nione kama atauandika. "Nilikushuku sana," alisema, "nikawa napima kwa uangalifu zaidi." Kumbe tulikuwa tunavizana. Barua yangu ilipotoka ndipo alipotambua kwamba sijui ninachokifanya. Lakini kwenye lango la mabwawa kuna Kanuni ya Kwanza, kwa herufi kubwa: mtumishi yeyote atakayeingiza kitu chochote bwawani ataachishwa kazi. Watoto wangu wanne walikuwa shuleni wakati huo. Yeye binti yake alikuwa ameshahitimu uuguzi. Alipima hilo pia. Na kuniambia faraghani hakuona faida. "Ungedhani nakusingizia," alisema, "halafu ungeandika barua nyingine."

Nilitafuta kosa kwenye maelezo hayo kwa siku tatu. Madaftari yalikuwa kabatini kwangu, nakala hakuna, na aliyeyajua alikuwa mtu mmoja anayeondoka. Nilishuku hata hilo, kwamba huu ndio mtihani wenyewe, umeiva baada ya miaka kumi na mmoja. Siku ya nne niliyapeleka kwa Mkurugenzi yote ishirini na mawili, pamoja na utepe wake, na barua yangu juu.

Kwa hiyo natangaza, kwa idhini ya Mkurugenzi, kwamba takwimu za Bwawa la Tatu zimerudishwa kwenye kumbukumbu ya miaka thelathini, na mkate umewekewa safu yake. Penseli nyekundu nimeifuta kwa mkono wangu, kurasa mia moja na kumi na mbili. Cheo cha Fundi Mwandamizi kimesainiwa, kikihesabiwa tangu siku kilipopaswa kusainiwa. Shauri langu mimi, kwa mujibu wa Kanuni ya Kwanza, litasikilizwa Jumanne, siku moja baada ya sherehe. Mzee Wavu ameomba kuja kutoa ushahidi. Sijui atasema nini, na kwa mara ya kwanza sijaribu kukisia.

Mkate sasa naula. Ni mkate wa kawaida tu. Mama Chai ananitazama kwa mashaka, na ni haki yake. Juzi nilipitia daftari la kijani la ishirini na tatu, ambalo hajalikabidhi bado kwa kuwa siku zake hazijaisha, aliloliacha wazi kwenye ukingo. Mstari wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ile: "Saa 4:15. Hakuna mkate. Mhakiki yupo. Anakula. Kambare wamesubiri, kisha wakaenda kutafuta."

Fundi Mwandamizi, kituo kizima kinakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatishwa na kengele, na siku nyingi na mama aliyetoa shela yake. Kila asubuhi ulinisalimia na mimi nikakohoa. Ukipita huku baada ya Jumanne, simama chini ya dirisha la pili uulize habari. Kama bado nitakuwa nimekaa pale, nitateremka nikujibu.