Nani Alimuua Tajiri wa Maharage

Kijiwe cha kahawa cha Themi kina mabenchi mawili tu, na ukichelewa unasimama. Asubuhi hiyo baridi ya Julai ilikuwa imeukamata mji barabara na Mlima Meru hauonekani kabisa, lakini watu walibanana pale wakigombania maiti. Maiti yenyewe ya kwenye kitabu. Lesian Kikwe, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni, alikuwa ametoa sehemu ya kwanza ya kitabu kipya: tajiri wa maharage wa Oldonyo Sambu amekutwa amekufa ndani ya ghala lake, mlango umekomewa kwa ndani. Sehemu ya pili haijatoka, na kijiwe kizima hakina raha.

Mwalimu Simel alikunywa kahawa yake kimya. Lesian Kikwe alikuwa ni yeye, yaani nusu yake. Nusu ya pili ilikaa ubavuni pake imejifunika shali: Jamaludin wa duka la vipuri, ambaye kesho anapelekwa Dar kufanyiwa upasuaji wa moyo. Kazi yao waligawana hivi tangu ujana. Jamaludin anaua, Simel anamsaka muuaji. Jamaludin akishaandika mauaji na dalili zote, anamkabidhi mwenzake karatasi na kufunga mdomo, maana kumtaja muuaji ni mwiko. Simel akikosea, anaandika upya huku mwenzake anamcheka mpaka machozi yanamtoka.

Safari hii Simel alikuwa amekwama, na wiki nzima Jamaludin alikuwa akimvuta pembeni amwambie muuaji ni nani, jina lisije likapotea naye. Simel alikataa katakata. Mwiko ni mwiko, alisema, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Aliona akikubali kuambiwa, atakuwa amekubali kwamba mwenzake harudi. Ndiyo maana alikuja kijiweni, aokoteze hata fununu.

— Ni mlinzi, alisema Redio, dereva wa bajaji aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki. Mlinzi ana funguo. Imeisha hiyo.

— Komeo la ndani lina funguo wapi, kaka? Mke huyo. Kamtilia sumu kwenye bakuli la loshoro, jamaa kala, kaenda kujifungia mwenyewe akalale.

Huyo alikuwa Gadiel, wao humwita Bwana Sheria. Sheria yenyewe kaipata kwa kwenda mahakamani kusikiliza kesi za watu kila akikosa kibarua. Simel alimwangalia Jamaludin kwa jicho la pembeni. Uso mkavu, hausemi kitu.

Redio hakukubali kushindwa. Akasema basi tajiri hajafa, ile maiti ni ya pacha wake. Bwana Sheria akauliza pacha katokea ukurasa gani, Redio akamjibu kwamba hapo ndipo mwandishi alipowaficha. Basi Bwana Sheria naye akapanda juu zaidi.

— Muuaji ni Inspekta Naserian. Yule mpelelezi mwenyewe. Mbona kafika ghalani kabla hajapigiwa simu?

Simel nusura apaliwe. Hilo hakuwahi kuliwaza.

Hapo ndipo akasema Skolastika, dada aliyeanza kuuza mitumba ng'ambo ya barabara majuzi tu. Kitabu aliazimwa na Redio.

— Samahanini, mimi mgeni hapa. Huyo mwandishi si yupo hai? Kwa nini hamumuulizi?

Redio alimwangalia Bwana Sheria, Bwana Sheria akakiangalia kikombe. Jamaludin akashusha shali mdomoni.

— Dada kauliza la maana. Mwalimu, muuaji ni...

— Nyamaza, Jamu.

Hakuna aliyewahi kumsikia Mwalimu akimkatisha mtu hivyo, tena mgonjwa.

— Kesho naondoka, Simel.

— Unaondoka, unarudi. Utanikuta nimeandika, na nimekosea.

— Na nisiporudi?

Simel alisema kwa sauti ili wote wasikie.

— Basi Lesian Kikwe hana sehemu ya pili. Hiki kitabu tumekianza wawili, Jamu. Peke yangu sikimalizi, na kutoka kwako sipokei jina mpaka urudi na miguu yako mwenyewe.

Redio alishusha kikombe. Bwana Sheria akamtazama huyu, akamtazama yule.

Jamaludin akajifunga shali, akainuka taratibu, akamwomba Redio ampeleke nyumbani akafungashe nguo. Simel alimshika mkono mpaka kwenye bajaji, na mkono ule ulikuwa mwepesi hata akaona uchungu. Jamaludin alikaa vizuri, ndipo akatoa kichwa nje.

— Humpati, Mwalimu. Andika unavyoweza, humpati. Nitarudi nikucheke.