M ni ya Maziwa: Kumuaga Bi. Virginia Ruguru

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Virginia Ruguru anafunga droo yake baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya barabara. Mkubwa wetu ameniagiza niandike wasifu mfupi na mtamu. Ufupi nitajitahidi. Utamu atautafuta kwenye keki.

Alikuja mwaka 1991 akiwa mpiga chapa, msichana wa Embu asiyejua Kimeru hata cha kuombea maji. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akigombana na wakandarasi kwa Kimeru safi, na wao ndio walioomba msamaha. Akapanda hadi karani mkuu wa vikao vya wananchi. Alivuka matope ya Gachoka kwa gambuti, akapigwa na baridi ya Kibirichia, na daftari lake halikulowa hata siku moja.

Sisi wa huku tunajijua. Karatasi ikipita mkutanoni tunatia sahihi bila kuuliza, kwa sababu asiyetia sahihi hapati chai. Bi. Virginia aliuona mtego huo mapema. Juu ya kila ukurasa akawa anaandika kwa biro nyekundu: HII NI YA CHAI. Pembeni mwa kila jina aliweka herufi moja, M kwa anayekunywa chai ya maziwa, R kwa anayekunywa ya rangi. Tulimcheka sana, tukambandika jina Mama Chai. Yeye alisema tutakuja kumshukuru.

Mwezi Machi mwaka huu kikao kilikuwa Kanyakine. Swali lilikuwa moja: barabara kuu ya Embu hadi Meru ipanuliwe iwe njia nne, au mwekezaji ajenge mpya ya kulipia huko chini mashambani, na hii ya zamani ibaki na mashimo yake? Walifika watu 212. Idrisi, mwenye bucha, alisimama akauliza kama mbuzi wake wa Gachoka atalipiwa njia akiwa hai, kisha alipiwe tena akiwa nyama. Ukumbi ulicheka, halafu ukawaka. Karibu wote waliosimama walitaka ipanuliwe. Aliyeisifu ya kulipia ni Kithaka, dalali wa mashamba, na wenzake wachache.

Aprili ikaja ripoti ya washauri wa mradi. Ati wananchi 187 wameunga mkono barabara ya kulipia na 25 wamekataa! Ushahidi wao ni karatasi za Mama Chai. Maelezo ya chini yalisema M ni "mradi upite" na R ni "rudisheni". Ala! Idrisi, aliyepiga kelele mpaka sauti ikakauka, amehesabiwa muungaji mkono kwa kuwa anapenda maziwa. Kithaka, ambaye maziwa humchafua tumbo, amewekwa miongoni mwa wapinzani.

Lingekuwa kosa la ujinga, ningecheka nikasahau. Lakini kwenye nakala zile maandishi mekundu hayapo. Mtu aliyafunika kwa kipande cha karatasi kabla ya kutoa nakala, na ukingo wa kipande chenyewe unaonekana wazi. Huo ni wizi. Watu 212 wamenyang'anywa midomo yao, na aliyewanyang'anya anakula mshahara kama mimi.

Bi. Virginia aliletewa ripoti aithibitishe. Alikataa. Alimwambia mkubwa, mlango ukiwa wazi na sote tukisikia, kwamba yeye aliandika chai, hakuandika barabara. Wiki iliyofuata akahamishiwa stoo. Karani mkuu, miezi saba katika vumbi la saruji, akihesabu sepetu na sururu! Na sisi? Tulipita dirishani tukimsalimia kwa kupandisha nyusi. Mimi niliyekaa naye meza moja miaka kumi na minane nilinyamaza kuliko wote, na aibu hiyo simpi mtu mwingine aibebe.

Jumatatu, tarehe 1 Desemba, kamati ya kuamua mradi huu inakaa kwa mara ya mwisho. Ikiipokea ripoti ile, barabara ya kulipia imepita, na jina la Virginia Ruguru litabaki humo kama mwandishi wa uongo. Kuna waliodhani siku hiyo atakuwa nyumbani akipalilia kahawa. Wamenoa. Atakuwa mbele ya kamati na daftari lake la asili. Ila kamati imesema neno la mstaafu mmoja halitoshi. Inataka sahihi za wafanyakazi waliokuwa ukumbini.

Mbali naye, tulikuwa saba kule Kanyakine. Leo keki ikikatwa, karatasi itapita mezani. Majina sita tayari yapo, na la kwanza ni langu, Muthamia wa chumba cha ramani. Nafasi ya saba ni ya mkubwa wetu, na kalamu tutamwekea kando ya sahani yake.

Asante, Mama, kwa miaka yote, na utusamehe hiyo miezi saba. Uwe na afya, kahawa yako izae, na mapumziko yako yaanze Jumanne. Ulitufundisha kusoma juu ya karatasi kabla ya kutia sahihi. Juu ya hii tumeandika kwa biro nyekundu: HII SI YA CHAI.