Lia, Nakungoja: Maisha ya Honorine Vahwere, Mama Didier

Papa Hippolyte na watoto, wazee wa familia zote mbili, pasta na wakristo, majirani wa Shari, na ninyi mliofika kutoka Komanda kwa barabara ile tunayoijua sote, familia imeniomba mimi Elisabeth, dada yake mkubwa, niwasomee njia aliyopita mdogo wangu hapa duniani, na kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi ni kusomea watoto wadogo wa shule ya maternelle, nitasoma polepole, mnivumilie.

Honorine Vahwere alizaliwa Komanda tarehe 3 Machi 1968, nyumbani kwa baba yetu aliyeuza chumvi na sabuni kwenye njia panda, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari. Mama yetu alitupenda, lakini alikuwa na watoto wengi na mashamba mawili, na kwa mtoto anayelia alikuwa na neno moja tu, nyamaza, nasi tulinyamaza. Honorine yeye alikwenda nyuma ya jiko, akalia huko peke yake, akanawa uso kwa maji ya kuoshea vyombo, kisha akarudi kama mtu aliyetoka kuchuma majani ya sombe. Siku moja nilimfuata, akaniambia, "Yaya, dada yangu, fimbo inauma kidogo, kulia peke yangu ndiko kunauma sana." Tangu siku ile nilikaa naye mpaka amalize.

Alisoma shule ya msingi pale Komanda toka mwaka 1974 hadi 1980, akaja Bunia kwa masomo ya sekondari, akachagua ushonaji, akapata diploma yake mwezi wa saba 1986. Mwaka uleule alianza kushona sare za wanafunzi, kwanza kwenye meza ya kukodi sokoni, baadaye barazani kwake, na wengi mliokaa hapa mlivaa mikunjo yake siku ya kwanza ya shule. Aliacha pindo refu makusudi, akisema mtoto hukua wakati mzazi anaangalia pengine.

Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa na Hippolyte Katsuva, dereva wa lori, wakakaa hapa Bunia, mtaa wa Shari, na Mungu akawapa watoto watatu, Didier aliyezaliwa tarehe 14 Januari 1992, Tina aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1995, na Gracia aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1999.

Katika nyumba ile neno nyamaza halikuingia. Mtoto akianguka, akinyang'anywa kitu, akikumbuka baba aliye safarini, Honorine aliacha mashine, akakaa chini karibu naye, akasema, "Lia, nakungoja." Hakumwahidi pipi, hakumwambia ona wenzako wanakucheka, alingoja tu, na machozi yakipungua aliuliza, "Imeisha ao iko ingine?" Mtoto akisema iko ingine, alingoja tena. Didier, alipokuwa na miaka saba, aligundua faida ya jibu hilo, akawa kila akitumwa maji anakaa chini na kusema iko ingine, mpaka siku moja mama yake akamwekea bidon ya maji mkononi, akasema, "Basi utalia njiani, kisima hakiko mbali." Watoto waliogombana hakuwalazimisha kuombana msamaha upesi, aliwapa sufuria moja kubwa waioshe pamoja, mmoja ashike, mwingine asugue, na kabla masizi hayajatoka walikuwa wamekwisha kurushiana maji na kucheka.

Na Gracia, wakati ule, alilia kuliko wote. Alilia kuku akichinjwa, alilia jirani akiaga, na Didier akamwita Sirène, yaani king'ora, akitangazia avenue nzima, "Musikie, Sirène imepiga, saa sita imefika!" Mama yao alicheka na kuendelea kungoja.

Vita vilipoanza mwaka 1999, familia zilizokimbia Djugu zilifika Bunia zikiwa na magodoro kichwani, na mbili kati yao zilikaa katika uwanja wa Honorine kwa muda mrefu, watoto wao na wa kwake wakawa kundi moja. Siku moja aliwakuta wamefunga kamba mlangoni, wamejifanya askari wa barrière wanaozuia njia, na kila anayepita wanamwuliza, "Weye ni kabila gani?" kama walivyosikia wakubwa wakiulizwa barabarani. Hakuwagombeza. Alisimama mbele ya kamba na kikapu chake, akainua mikono, akasema, "Niko wa kabila ya wenye njaa, mufungue, sombe inapoa." Watoto walicheka mpaka kamba ikaanguka, na kesho yake barrière ilirudi palepale, lakini swali lilikuwa jingine, "Uko na njaa?" na aliyejibu ndiyo alipewa karanga.

Sasa nafika mahali ambapo familia iliniuliza kama lazima pasomwe, nikajibu kwamba Honorine mwenyewe aliniomba. Jumatatu tarehe 12 Mei 2003, mchana, mapigano yakiwa katikati ya mji na Papa Hippolyte akiwa amezuiwa Beni na lori lake, Honorine alijificha na watoto watatu chini ya kitanda, na watu wenye silaha wakapanda barazani, wakaanza kupindua mashine na nguo. Gracia, mwenye miaka minne, alifungua mdomo alie. Mama yake aliufunga kwa kiganja, akamwambia sikioni, "Nyamaza. Usilie tena." Wale watu walichukua vitambaa wakaenda, na wote wanne wakapona. Tunamshukuru Mungu kwa mkono ule na kwa neno lile.

Lakini Gracia hakulia tena. Katika kambi karibu na uwanja wa ndege, chini ya mashiti ya plastiki, watoto wote walilia kwa njaa na mvua isipokuwa yeye, na kina mama wakamsifu, "Huyu iko na akili, halii hata kidogo," na kila waliposifu, Honorine aliinamisha macho. Waliporudi nyumbani mwezi wa saba, Gracia aliungua mkono kwenye mbabula ya makaa, ngozi ikatoka, naye hakutoa sauti, alitazama tu mdomo wa mama yake, kama mtu anayengoja ruhusa. Siku ile Honorine alinijia shuleni, akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto, akaniambia, "Yaya, mimi nilisema usilie kwa siku ile. Yeye alishika lile neno ‘tena’, akaona ni ya siku zote."

Toka hapo, ndugu zangu, mdogo wangu alikuwa na hamu moja. Wengine katika mji huu walitamani barabara ifunguliwe, walitamani ng'ombe wao, mashamba yao, nyumba walizoacha, naye alitamani kusikia kilio cha mtoto wake. Akipita karibu na nyumba ambamo mtoto analia, alipunguza mwendo.

Hakumlazimisha, wala hakumchokoza ili alie. Alimweka chini ya meza ya kushonea na kopo la vifungo, mchezo wao wa zamani, kila rangi na hali yake ya moyo, akaokota kimoja cheusi na kusema, "Hiki ni mimi leo asubuhi, niliota vibaya," akaweka kando, akarudia kesho yake, mpaka siku Gracia naye alipookota chake. Wakati mwingine ilikuwa cheusi, wakati mwingine cha rangi ya chungwa, na mama hakukisahihisha. Alimwambia mara nyingi, akimchana nywele, "Ile neno ilikuwa ya siku ile tu, mama yangu, nimeirudisha." Papa Hippolyte aliporudi mwezi wa nane na habari kwamba mdogo wake ameuawa njiani, akageukia ukuta ili watoto wasimwone, Honorine alimwambia mbele yao, "Papa Didier, lia hapa, tunakungoja," naye akalia, watoto wakaona kwamba baba hulia na kesho yake anaendesha lori. Gracia alimletea kitambaa. Mwaka 2004 aliingia maternelle, akapata rafiki, akagawana naye mkate, akajifunza kusema nimekasirika bila kupiga, akacheka. Kulia tu ndiko kulikobaki.

Mwezi wa tisa mwaka huohuo miguu ya Honorine ilianza kuvimba, wauguzi wakaona kwamba ni figo, akalazwa mara tatu, akaendelea kupiga pindo za sare kwa mkono akiwa kitandani. Watoto waliletwa kila Jumapili, naye hakuwaficha, aliwaeleza kwa maneno ya umri wao kwamba mwili wake umechoka na wao hawakukosa kitu. Juma lililopita alinishika mkono akasema, "Yaya, siku atakapolia, pengine sitakuwepo. Musimunyamazishe. Mumungoje." Alifariki Ijumaa tarehe 11 Februari 2005, saa nne asubuhi, Papa Hippolyte akiwa upande mmoja, mimi upande mwingine. Ameacha mume wake, watoto watatu, kaka na dada, na mashine yenye sare moja ambayo haijawekwa mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia dawa zilipokuwa haba, mafundi wenzake wa sokoni walioshona nguo anayolala nayo leo, walimu wenzangu, majirani mlioteka maji na kupika katika matanga haya, na zile familia mbili za Djugu, ambazo zimekuja kukaa tena katika uwanja uleule.

Maneno yanayobaki ni yako, Honorine, na nimeyaongeza leo asubuhi. Wanawake walikuwa wanachambua maharagi nyuma ya nyumba, Gracia akiwa katikati yao, akaona moja jeusi, akaliokota, akalitafutia mtu wa kumwonyesha. Alizunguka uwanja mzima akiwa amelishika. Alipofika kwenye mashine na kukuta kiti kitupu, alifungua mdomo, na sauti ile tuliyoisahau ikatoka, watu wa barabarani wakasimama. Tante mmoja, shangazi mwenye moyo mzuri, alimkimbilia, "Nyamaza, mutoto, mama iko mbinguni," lakini Didier wako alifika mbele yake, akakaa chini kwenye vumbi na suti ya baba yake, akasema, "Muache, tante. Lia, Sirène, nakungoja." Tina akaja akakaa, baba yao akaja akakaa. Alilia mpaka jua likahama kutoka kizingitini. Kisha Didier akauliza kama ulivyokuwa ukiuliza, imeisha ao iko ingine, na Gracia akapangusa pua, akafikiri, akajibu.

"Iko ingine."

Basi iko ingine, mdogo wangu, na sisi tumekaa chini, hatuna haraka. Pumzika kwa amani.