Ephantus Githinji Gichuru, Mtu wa Povu na Shabu (1941–1987)

Ephantus Githinji, mwana wa pili wa Mzee Gichuru na Mama Wangoi, alizaliwa Kawangware tarehe 14 Machi 1941. Mama yake alisema mtoto huyu hakutambaa. Alisimama, akaanguka, akasimama tena, na tangu hapo hakujua kukaa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kawangware, akaenda bweni Kiambu, kisha akahitimu hisabati chuo kikuu mwaka 1966.

Tarehe 6 Desemba 1969 alimwoa Wamucii, fundi wa cherehani. Alipokwenda kwao mara ya kwanza alimkuta akifua, akachuchumaa kutazama povu mpaka chai ikapoa. Mama Mumbi, mkwewe, akauliza kama kijana amekuja kuposa binti au karai.

Alifundisha shule ya upili hadi 1972, alipoajiriwa chuoni. Huko swali lake la siku nyingi lilimkaba. Povu la sabuni, alituambia, halijali limeelekea wapi, ndiyo maana huwa mviringo. Shabu, lile jiwe la chumvi la vinyozi, huchagua: kila upande una gharama yake, basi hujijenga kwa pembe na nyuso bapa. Yeye alizifuata nyuso ambazo mpindo wake, ukihesabiwa pamoja na gharama hizo, ni ule ule kila mahali. Ukizisukuma kidogo bila kupunguza kilichomo ndani, zitarudi zilivyokuwa au zitakimbilia umbo jingine? Alitaka kuthibitisha kwamba ni umbo moja tu linalotulia. Rafiki yake Murjan Fadul, mwenye duka Mashimoni, Kibera, alimwekea shabu kila mara, akishangaa mtu asiye na ndevu anaimalizia wapi.

Mwaka 1983 aliwasilisha tasnifu ya udaktari. Kabla watahini hawajaketi, aliona kosa lake mwenyewe: hoja ilisimama umbo likipinda taratibu, lakini kwenye kona kali ilikatika. Hakuna mwingine aliyeliona. Msimamizi wake, Profesa Oyoo, alimwambia, "Githinji, si utaziba hiyo pengo ukishavaa joho?"

"Nikishavaa nitaisahau, Prof," akajibu, akaiondoa tasnifu.

Nyumbani tuliudhika, tusifichane. Cheo kilimpita, na wadogo zake kazini wakampita pia. Yeye akaanza upya, akitembea Kawangware hadi Kibera na kurudi, midomo ikicheza, asisikie salamu za watu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 1986. Hata kitandani hakutulia; akilishwa uji, kidole kilichora kona juu ya blanketi. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 1987, swali likiwa bado wazi. Inatuuma sana.

Ratiba hii ya mazishi ilipokuwa ikiandaliwa, kaka yake Erastus aliandika "Daktari" mbele ya jina lake, maana kwetu marehemu hakosi cheo. Wazee waliona ni heshima. Wamucii aliomba kalamu, akalifuta neno hilo.

"Hakumaliza, shemeji," alisema. "Na hakuna mahali alisema amemaliza."

Erastus akaipeleka ratiba kuchapwa hivyo hivyo.

Ameacha mjane, Wamucii. Watoto Gichuru, Wangoi na Mumbi. Mama yake mzazi. Na kaka yake, Erastus. Tunamzika kama Mwalimu Githinji. Bwana ampumzishe kwa amani ile aliyoikataa hapa duniani ilipomjia kwa njia ya mkato.